Leseni ya Usiku Hutafutwa Mchana: Mbinu kwa Wauzaji wa Chakula Machakos

Saa tano usiku ndiyo saa ya mauzo. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile Wakenya waliyoibatiza sheria ya Mututho, inaruhusu baa kuuza pombe kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana hadi saa tano usiku wikendi na sikukuu. Milango inapofungwa, watu wanamwagika barabarani wakiwa na njaa. Wakati huohuo matatu ya mwisho kutoka Nairobi inashusha abiria, bawabu anatafuta kitu cha kumfikisha alfajiri, muuguzi wa Hospitali ya Machakos Level 5 anatoka zamu, na mwendesha bodaboda anakumbuka kwamba hajala tangu adhuhuri. Wote wanaelekea kwenye taa ndogo inayoning'inia juu ya toroli la mayai na smokie.

Saa tano usiku ndiyo saa ya malalamiko pia. Anayeishi ghorofa ya juu ana mtoto aliyeamshwa na kelele. Mwenye duka anajua kwamba asubuhi atafagia maganda ya mayai mlangoni pake. Polisi anaona kundi la watu gizani na hawezi kutofautisha mteja na mnyang'anyi. Kanjo, yaani askari wa kaunti, naye ameambiwa asafishe mji, kwa hiyo anabeba toroli.

Nimekula kwenye majiko haya kwa miaka mingi, na ninaamini kwa dhati kwamba wanaoyawasha wanastahili leseni. Mtaa wenye jiko linalowaka saa sita usiku una taa, una macho, una mtu wa kumkimbilia. Hata hivyo, afisa wa kaunti hatoi leseni kwa kuwa wewe ni mchapakazi au kwa kuwa una watoto wa kusomesha. Anaitoa akiona kwamba ukiruhusiwa, malalamiko yatapungua. Kazi yako ni kumwonyesha hilo, na kazi hiyo hufanywa mchana, kabla jiko halijawashwa. Hizi hapa hatua zake.

1. Jua nani ana mamlaka juu ya nini

Wauzaji wengi hupoteza siku nzima kwenye dirisha lisilo lao. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti leseni za biashara, masoko, uondoaji wa taka, udhibiti wa kero za umma, na leseni za wanaouzia umma chakula. Kwa hiyo mambo yako mengi yako kaunti, ila yamegawanyika.

Idara ya biashara hutoa leseni ya biashara, au hukuelekeza kwenye ushuru wa kila siku ikiwa unauza kwa toroli. Idara ya afya ya umma hukagua chakula, vyombo na mwili wako chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, na Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura 254. Ada zote hupangwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo hupitishwa upya kila mwaka. Usikubali kutajiwa bei mdomoni. Omba kuonyeshwa jedwali la ada la mwaka huu, tafuta mstari unaokuhusu, upige picha. Picha hiyo itakufaa siku utakapotajiwa kiasi kingine barabarani.

Jambo la tatu ndilo linaloangusha wengi: ardhi unayosimama ni ya nani? Barabara kuu za kitaifa, kama ile ya Mombasa inayopita Mlolongo na Athi River, ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu. Baadhi ya barabara za mijini ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Nyingi ya zilizobaki ni za kaunti. Unaweza kuwa na risiti ya kaunti mkononi na bado ukaondolewa kihalali kwa kuwa umesimama kwenye hifadhi ya barabara kuu. Uliza kabla hujanunua toroli.

2. Chagua mahali kwa macho ya jirani

Nenda mahali unapopataka mara mbili: saa nane mchana, kisha saa tano usiku. Simama pale nusu saa kila mara na utazame mambo haya.

Njia ya miguu. Mama anayesukuma gari la mtoto au mtu mwenye mikongojo apite bila kushuka barabarani. Akishuka, mahali hapo hapafai.

Mtaro. Usisimame juu yake wala usiukaribie. Siku mvua itakaposomba taka na kuziba mtaro, lawama itakuwa yako hata kama taka si zako.

Mlango wa baa. Usitegeshe toroli mlangoni ukidhani unawahi wateja. Ugomvi wa walevi huanzia pale. Sogea hatua thelathini au arobaini, upande wenye taa ya barabarani. Mwenye njaa atatembea, na hewa ya usiku itakuwa imemtuliza kidogo kabla hajakufikia.

Madirisha. Kanuni za kelele za 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kiwango cha sauti kinachoruhusiwa maeneo ya makazi kinashuka sana saa hizo. Chini ya madirisha ya vyumba vya kupanga, hata kicheko ni kelele.

Moto. Jiko la makaa au la gesi likae mbali na kituo cha mafuta, mbali na vibanda vya mbao na mitumba.

Ukisharidhika, mwendee mwenye duka au jengo lililo nyuma yako. Mwambie utasimama pale baada ya yeye kufunga na utaondoka kabla hajafungua. Mwombe barua fupi ya ridhaa yenye sahihi na nambari ya simu. Barua moja ya jirani ina uzito zaidi kuliko maneno mengi mbele ya afisa.

3. Kusanya makaratasi, kisha andika ombi linaloonekana

Unahitaji nakala ya kitambulisho, nambari ya KRA, picha za pasipoti, na cheti cha afya cha mtu anayeshika chakula. Cheti hicho hupatikana baada ya kupimwa katika kituo cha afya kinachotambuliwa, na hurudiwa kila miezi 6. Andika tarehe ya kwisha kwake ukutani nyumbani. Ukiwa na msaidizi, naye apimwe. Cheti chako hakimfuniki.

Kisha andika barua. Wengi huandika kwamba wanaomba kusaidiwa kwa sababu maisha ni magumu. Afisa amesoma barua mia za namna hiyo. Mwandikie barua inayomfanya aione biashara yako kabla hajatoka ofisini. Kwa mfano:

"Ninaomba kuuza mayai, smokie na chapati kwa toroli moja lenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1, kando ya ukuta wa jengo lililotajwa hapa chini, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 7 usiku, siku sita kwa wiki. Mahali hapo hapazibi njia ya miguu wala mtaro. Nina taa ya sola, ndoo ya taka yenye mfuniko, na lita 40 za maji ya kunawa. Nitaondoa toroli na taka zote kila usiku. Sitauza pombe wala sigara. Nimeambatisha cheti cha afya, barua ya ridhaa ya mwenye jengo, na picha mbili za mahali, moja ya mchana na moja ya usiku. Ombi hili likikataliwa, naomba sababu kwa maandishi."

Sentensi ya mwisho si ukaidi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi yeyote ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma. Toa nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, barua yako haikufika.

4. Linda tumbo la mteja

Niliwahi kulala siku tatu kwa sababu ya kachumbari ya usiku. Mayai yalikuwa sawa na smokie ilikuwa moto. Kachumbari ilikatwa saa kumi jioni, ikakaa wazi kwenye beseni mpaka saa sita, ikishikwa na mkono uleule uliopokea noti. Toka siku hiyo naangalia kachumbari kabla ya kuangalia bei.

Fanya hivi. Kata kidogo kidogo, kiasi cha saa mbili, na uifunike. Tumia kijiko kirefu au koleo, pesa ipokewe na mkono mwingine au iingie kwa M-Pesa. Chakula cha moto kikae moto kweli, nyuzijoto 60 au zaidi. Kikiwa vuguvugu kwa saa nyingi, vijidudu huzaana humo. Mafuta yaliyokuwa meusi na kutoa povu yamwagwe kwenye chombo, yasirudishwe kesho wala kumwagwa mtaroni.

Maji ya Machakos si ya kuchezewa. Kila mkazi anajua wiki za mifereji mikavu. Hilo lisiwe sababu ya mikono michafu. Kibuyu mchirizi, yaani mtungi mdogo uliotobolewa na kufungwa kamba ya kukanyagia, hutumia maji kidogo sana kwa kila mtu anayenawa. Kining'inize upande wa wateja pamoja na sabuni, mahali ambapo afisa wa afya atakiona kabla hajakusalimia.

Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Kenya Oktoba 2022 ulifika kaunti nyingi, Machakos ikiwamo. Ugonjwa huo ukija, wauzaji wa barabarani ndio wa kwanza kufungiwa. Mwenye maji, sabuni na cheti hai ana la kujitetea.

Kuhusu vifungashio: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na faini yake ni kuanzia shilingi milioni 2. Tumia mifuko ya karatasi ya kaki. Gazeti kuukuu liache kwa wasomaji, maana wino wake haufai kuliwa.

5. Tawala mita kumi zinazokuzunguka

Hapa ndipo leseni hupatikana au hupotea. Malalamiko ya usalama mara nyingi hayahusu chakula. Yanahusu yanayotokea kando ya chakula. Ukizitawala mita kumi za kila upande, umewajibu wanaolalamika kabla hawajafika ofisini.

Anza na taa. Weka mbili: moja ya kumulika chakula na nyingine ya kumulika wanaosubiri. Mwizi wa simu hapendi kuonekana uso.

Mteja alipe kabla ya kula. Ugomvi mwingi wa usiku huanza kwa "nilishalipa" na "hujalipa". Tundika bei mbele, kwa maandishi makubwa, ili asiwepo wa kubishana. Pesa taslimu isilundikane: kila ikifika kiasi fulani, mpe mtu unayemwamini aiondoe, au sisitiza malipo ya simu.

Panga jiko kwa akili. Karai la mafuta moto likae upande wa ukuta, nyuma yako, lisifikike kwa mlevi anayepepesuka. Kisu kirudi mahali pake kila ukimaliza kukata.

Usiuze pombe, usiuze bangi, na usiwe bohari ya mtu. Mzigo wa dakika tano uliowekwa chini ya toroli unaweza kukumalizia biashara ya miaka mitano. Aliyelewa kupita kiasi mpe maji, mwite bodaboda unayemjua, na usibishane naye. Uwe na nambari ya simu ya kituo cha polisi kilicho karibu, na ujitambulishe kwa mkuu wa kituo wakati wa mchana, ukiwa na karatasi zako. Mjulishe pia chifu na mzee wa Nyumba Kumi. Polisi wa doria anayejua jina lako atasimama kukusalimu. Asiyekujua atasimama kukutawanya.

Bodaboda wanaokula kwako waegeshe upande mmoja, injini zikiwa zimezimwa, bila honi. Waambie kwa upole na kila siku. Redio iache nyumbani.

Kuna mama mmoja ambaye nimemwona akifunga jiko lake mara nyingi, nami hukaa nimtazame. Saa saba kasorobo anaacha kupokea oda. Anazima makaa kwa maji kidogo kidogo hadi moshi uishe, anayajaza kwenye mkebe wa bati, anafunika. Kisha anachukua fagio na kuanza mbali, kule vijana walikokuwa wameketi ukingoni, akija kuelekea toroli: vijiti, karatasi, maganda, hata vizibo vya chupa ambavyo havikutoka kwake. Mwisho anamwaga maji ya sabuni pale mafuta yalipodondoka na kusugua kwa mguu. Asubuhi hakuna alama kwamba alikuwapo. Mwenye duka lililo nyuma yake humwachia mtungi wa maji mlangoni kila jioni.

6. Mjiunge, kisha mwende mbele ya kaunti pamoja

Muuzaji mmoja akilalamika ni kelele. Kumi wakileta pendekezo ni hoja. Undeni kikundi, mkisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, muwe na daftari la wanachama na kanuni zenu wenyewe. Kanuni tatu zinatosha kuanza: kila mmoja ana cheti hai, kila mmoja anafagia mita kumi, na anayeficha pombe au bidhaa za wizi anatoka.

Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Mswada wa Fedha unapoletwa kwenye kikao cha maoni, msiende kuomba ada ipunguzwe tu. Pelekeni pendekezo kwa mwakilishi wadi na kwa kikao, kwa maandishi: kuwe na kibali cha chakula cha usiku chenye mambo matatu yaliyotajwa wazi, yaani mahali, saa, na jina la mwenye jiko. Pendekezeni idadi ya majiko kwa kila sehemu, choo kitakachobaki wazi, taa, na gari la taka litakalopita alfajiri. Mkubali pia kwamba anayevunja masharti anyang'anywe kibali baada ya onyo la maandishi.

Si ndoto. Bustani ya Forodhani, Unguja, ilikarabatiwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni na kufunguliwa tena mwaka 2009. Kila jioni wapishi wenye makoti meupe hupanga meza zao pale, na watu hula na kutembea na watoto. Singapore iliwahamisha wachuuzi wake wa barabarani, kuanzia miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980, ikiwapa vituo vyenye maji na mitaro. Mwaka 2020 UNESCO iliuorodhesha utamaduni huo kuwa urithi wa binadamu. Tanzania ilitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo mwishoni mwa 2018 kwa shilingi 20,000 za huko, na hilo lilionyesha kwamba hata anayetembea na bidhaa anaweza kutambuliwa rasmi. Kila mahali somo linafanana: anayejulikana jina na mahali pake ni rahisi kumwajibisha kuliko anayekimbizwa.

Machakos yenyewe inaikumbuka hali ya kinyume. Kafyu ya korona iliyoanza 27 Machi 2020 na kuondolewa 20 Oktoba 2021 ilizima majiko yote ya usiku. Ule utulivu haukuwa amani. Ulikuwa ukosefu wa mapato kwa maelfu ya nyumba nchini, na watu wa zamu walirudi nyumbani na njaa kwenye barabara zenye giza.

7. Askari akija

Weka bahasha ya plastiki ngumu kwenye toroli: nakala za leseni au barua yenye muhuri, cheti cha afya, risiti za ushuru, barua ya jirani. Hati asilia zibaki nyumbani. Salimia kwanza. Mwite afande, mwonyeshe bahasha, muulize kwa sauti ya kawaida ni kosa gani na ni sheria gani.

Akidai kitu kidogo, kumbuka kwamba Sheria ya Hongo ya 2016 inamtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji. Lipa ada kwa njia rasmi tu na udai risiti. Vitu vyako vikichukuliwa, omba orodha yenye jina na sahihi. Asipotoa, andika mwenyewe papo hapo, pamoja na saa, nambari ya gari na shahidi mmoja.

Ukikamatwa, Kifungu cha 49 kinakupa haki ya kuambiwa sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ikiwa ni wikendi. Kifungu hichohicho kinakataza kukuweka rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita. Yakariri haya na uwafundishe wenzako, kwa maana usiku hakuna wakili wa kumpigia. Usikimbie na jiko la moto. Waliowahi kuungua kwa njia hiyo ni wengi, na hakuna smokie inayostahili kovu.

Pa kuanzia

Ukiona orodha ni ndefu, anza na mambo matatu juma hili. Jumatatu, nenda ukaulize ardhi ni ya nani na upige picha jedwali la ada. Jumatano, nenda ukapimwe. Ijumaa usiku, ukimaliza kuuza, chukua fagio uanzie mbali, kule wateja walikoketi, uje kuelekea kwenye jiko. Fanya hivyo kwa mwezi mmoja, kisha mwendee mwenye duka umwombe ile barua. Atakuwa ameshajua utakachoomba.